Buibui Ndani ya Taa

Pikipiki ambayo nusu ya mji ilikuwa ikiitafutia kiberiti ilisimama chini ya banda la bati, nyuma ya kituo cha polisi, imeegemea stendi yake kama mzee aliyepitiwa na usingizi mkutanoni. Ilikuwa kuukuu hasa. Rangi ya tangi ilishapauka hata usingeweza kuapa kama zamani ilikuwa nyekundu au kahawia. Kiti kilikuwa viraka vitupu. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilikatika zamani, kimebaki kisiki. Na kioo cha taa ya mbele kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini.

Ufa huo ulimtosha Mkuu wa Kituo.

"Taa imepasuka," alisema, mikono ameifunga mgongoni. "Kipande cha mtandio wa yule mama kimenasa kwenye pikipiki hii hii. Namba ya pikipiki ni ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Na jamaa mwenyewe katokomea. Wewe unataka nini tena, Bi Kwanza? Akuletee na picha yake?"

"Kwanza niifungue, Afande."

Koplo aliyesimama pembeni aliuma mdomo asicheke. Mpelelezi yule alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, ila pale kituoni lilishasahaulika. Kila jambo alilianza kwa "kwanza tuone", "kwanza tupime", "kwanza tumuulize aliyekuwepo", na wenzake wakaona wamwite hivyo hivyo. Naye akaitikia, maisha yakaendelea.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Mkuu alisema.

"Na mwenye pupa hadiriki kula tamu, Afande."

Mkuu alimtazama, akaitazama pikipiki, akapumua kwa nguvu. "Umeona langoni kukoje? Basi nakupa mpaka mchana. Baada ya hapo natangaza kwamba anayetafutwa ni mpandaji wa pikipiki hii, kwa kugonga na kutoroka."

Habari yenyewe ilikuwa fupi na chungu. Jana yake, giza likianza kutanda, mkunga mmoja mstaafu aligongwa na pikipiki kwenye kona ya wauza mkaa. Aliyemgonga hakusimama. Muda si mrefu, pikipiki hii kuukuu ikafika kwenye lango la hospitali, imembeba mkunga yule yule, amezimia, mguu umevunjika. Ikazima palepale. Mpandaji akamkabidhi mgonjwa kwa mlinzi, akajaribu kuiwasha, ikagoma, akaiacha akaondoka kwa miguu bila kuaga. Mkuu alikuwa ameshaunganisha mambo: jamaa kagonga, kakimbia, roho ikamsuta, karudi kambeba, halafu woga ukamrudia.

Haikuwa hadithi mbaya. Bi Kwanza alikiri moyoni kwamba inaingia akilini. Ndiyo maana alitaka kuipima.

Langoni pa kituo, Bi Kwanza alikuta watu wamejaa. Karibu wote walipokewa duniani na mikono ya mkunga yule, au walikuwa na mtoto aliyepokewa naye, au vyote viwili. Mbele yao alisimama mwanawe, kinyozi wa karibu na stendi ya mabasi, mtu ambaye siku za kawaida alikuwa na maneno mengi kuliko nywele alizonyoa.

"Dada, sitaki mtu," alimwambia Bi Kwanza kupitia nondo za lango. "Mtu mtanifichia. Mimi nipeni hicho chuma tu, nikitie moto hapa hapa, watu waone."

"Mama ameamka?"

"Bado."

"Akiamka akataka kujua nani alimgonga, utamwonyesha majivu?"

Kinyozi aliachia nondo za lango.

"Nipe mpaka mchana, kaka yangu. Sina nilichokuficha."

"Mpaka mchana," alisema Kinyozi. Nyuma yake mtu mmoja alinung'unika, lakini hakuna aliyesogea.

Wa kwanza kuitwa bandani alikuwa muuza mkaa, ambaye kibanda chake kilitazamana na kona ile. Alikuja akipangusa mikono kwenye suruali, ingawa suruali ndiyo iliyokuwa chafu zaidi.

"Ndiyo hii?" Bi Kwanza alimuuliza.

"Mama, pikipiki gizani ni kama paka, zote moja. Mimi niliona taa."

"Taa ya namna gani?"

"Kali! Nyeupe. Ilinipiga usoni nikafumba macho, hata nilipoyafungua nilikuwa naona madoa ya kijani. Mara kishindo. Mara mama wa watu yuko chini. Nikakimbilia nyuma kuita wenzangu, niliporudi, hayupo."

"Hiyo pikipiki yenye taa, ilipunguza mwendo?"

"Ilipunguza nini! Iliongeza."

"Ukiwa huko nyuma hukusikia nyingine ikija?"

Muuza mkaa alikuna kichwa. "Nilikuwa napiga kelele mwenyewe, mama. Ningesikiaje?"

Mlinzi wa hospitali alishaulizwa kwa simu asubuhi. Alisema aliyeleta mgonjwa alikuwa kijana mwembamba, kofia ngumu kichwani, sauti ndogo. Alisema neno moja tu: "Mpokeeni." Alipoulizwa kama taa ya mbele ilikuwa inawaka, mlinzi alijibu, "Afande, mimi niliangalia damu. Taa ningeiangalia ya nini?"

Bi Kwanza alivua koti, akakunja mikono ya shati. Alikulia nyuma ya gereji ya mjomba wake, na grisi haikumtisha. Fundi wa magari ya kituo alikuwa ameshachuchumaa na sanduku lake la spana. Walifahamiana vizuri wale wawili, na kubishana kwao kulikuwa nusu ya kazi.

Fundi aliushika ufunguo uliokuwa umeachwa palepale kwenye swichi, akauzungusha. Kitaa cha kijani kwenye dashibodi kilichungulia, kikafifia. Akabonyeza kitufe cha stata. Chini ya kiti kukasikika tak-tak-tak-tak, kama mtu anagonga meno kwa baridi.

"Betri," Fundi alisema. "Kesi imefungwa. Tia betri mpya."

"Kwanza tupime."

Mita ya umeme ilisoma chini ya volti kumi na moja. Betri nzima iliyopumzika husoma kumi na mbili na nusu na zaidi kidogo. Hii ilikuwa imenyonywa mpaka mifupani. Fundi alitoa betri ya pikipiki ya doria, akaiunga. Safari hii stata ilizunguka kwa nguvu, injini ikashika, banda lote likatetemeka. Muuza mkaa, ambaye hakuna aliyekumbuka kumruhusu aondoke, alipiga makofi.

"Kwa hiyo stata ni nzima," Bi Kwanza alisema kwa sauti, kana kwamba anamweleza mtu wa tatu. "Swichi nzima, plagi nzima. Kilichoizima hospitalini ni njaa ya umeme tu. Sasa, nani alikuwa anaila?"

"Au nani hakuilisha," alisema Fundi.

Hilo lilikuwa swali zuri, na Bi Kwanza alimpa Fundi haki yake kwa kuitikia kwa kichwa. Akarudisha nyaya za mita kwenye betri huku injini ikinguruma. Pikipiki inayochaji, ukivuta mafuta kidogo, mita hupanda kumi na tatu na nusu, hata kumi na nne. Fundi alivuta. Mita ilibaki kumi na mbili na kidogo. Akavuta zaidi. Haikupanda. Taratibu, kama maji yanayovuja kwenye ndoo, ilianza kushuka.

"Haichaji kabisa," Koplo alisema.

"Haichaji. Tangu lini?"

Waliinua kiti. Kutoka kwenye injini, mahali ambapo koili hutengeneza umeme kila injini inapozunguka, nyaya tatu za njano zilipanda hadi kwenye soketi ndogo ya plastiki, na kutoka hapo zilielekea kwenye rektifaya, kile kifaa chenye mapezi kinachousafisha na kuupunguza umeme kabla haujaingia kwenye betri. Fundi alitaka kuing'oa rektifaya mara moja. "Hizi pikipiki za zamani, ugonjwa wao ni huo tu," alisema. "Rektifaya ikiungua, mengine ni kelele."

Bi Kwanza alimzuia. Aliichomoa soketi, akageuza mita isome umeme mbichi wa koili, akapima waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa tatu na wa kwanza. Zote tatu zilikuwa sawa, na zote zilipanda kila Fundi alipovuta mafuta. Wakazima injini, akapima kama kuna waya unaovujisha kwenye chuma. Hakuna.

"Koili nzima," Fundi alikubali. "Basi ni rektifaya."

"Angalia soketi."

Fundi aliishika, akaigeuza kwenye mwanga. Akapiga mluzi. Ndani, plastiki ilikuwa imeyeyuka ikawa nyeusi, na pini moja ya shaba ilikuwa imeliwa ikabaki unga. Umeme ulikuwa unafika mlangoni lakini mlango umeungua.

"Kumbe nilikuwa nakwenda kununua rektifaya bure," alisema Fundi, akicheka peke yake.

"Imeungua jana?"

"Jana? Hii?" Alipitisha ukucha. "Ona vumbi lilivyokaukia juu ya kidonda. Shaba imeshaota ukijani. Hii ina miezi, Bi Kwanza. Miezi mingi."

Bi Kwanza alielekea mbele ya pikipiki, akachukua bisibisi, akaanza kufungua taa yenye ufa. Mkuu wa Kituo, aliyekuwa akichungulia dirishani kwake, alishuka ngazi.

Kioo kilitoka. Ndani, waya wa balbu ulikuwa umechomolewa, ncha zake zimezungushiwa utepe wa gundi uliokauka ukawa mgumu kama ganda la karanga. Na kati ya balbu na bakuli la taa, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, buibui alikuwa amejenga nyumba yake, kubwa, ya zamani, yenye mabawa ya mbu wa misimu iliyopita. Mwenyewe alikuwa kwenye kona, miguu ameikunja, hana habari na kesi.

"Usimguse," Bi Kwanza alimwambia Koplo. "Piga picha. Karibu zaidi. Huyo ni shahidi."

Mkuu aliinama akatazama. Alitazama muda mrefu.

"Afande," alisema Bi Kwanza, "pikipiki hii haichaji. Mwenyewe anajua. Injini inaishi kwa umeme wa betri peke yake, na taa ndiyo mlaji mkubwa, kwa hiyo akaikata ili apate kufika anakokwenda. Aliikata zamani, buibui amepata kujenga na kuzeeka. Ufa nao una vumbi mpaka ndani, si wa jana. Pikipiki iliyomgonga mkunga ilimpofusha muuza mkaa kwa taa. Hii haimpofushi hata nzi."

"Na mtandio?"

Alimwonyesha. Kipande kile cha kitambaa kilikuwa kwenye chuma cha kubebea mizigo, nyuma kabisa. Na kilikuwa na fundo. Fundo lenyewe lilikuwa kubwa, limekazwa kwa nguvu na kuvutwa mpaka uzi ukakatika.

"Mtu anayegongwa hukwama mbele, Afande. Na hafungi fundo. Huyu alimfunga mama asidondoke, wakaenda."

Mkuu alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na kitu. "Sawa," alisema mwishowe. "Hiyo inaniambia hakumgonga. Haijaniambia ni nani, wala aliona nini." Na baada ya hatua mbili akageuka. "Lakini asante. Ningetangaza, na lile kundi langoni lingefanya kazi iliyobaki."

Sasa ilikuwa zamu ya betri. Bi Kwanza aliiweka juu ya meza ya Fundi, akaizungusha polepole. Betri ya mtu ambaye pikipiki yake haichaji lazima ilishwe mahali pengine. Vichwa vyake vya kuungia nyaya, vya madini laini ya risasi, vilikuwa na alama za meno, meno ya vibanio vya chaja, yamerudia hapo mara nyingi mpaka risasi ikachimbika. Skrubu za kawaida zilikuwa zimeondolewa, mahali pake kuna zile zenye masikio, za kufungua kwa vidole bila spana. Na ubavuni kulikuwa na doa nene la rangi ya bluu.

"Koplo, hapa mjini nani anachaji betri za watu na kuziwekea alama ya bluu?"

"Mama Chaja," Koplo na Fundi walijibu kwa pamoja.

Kibanda cha Mama Chaja kilikuwa nyuma ya soko, kimejaa betri toka sakafuni hadi darini, na harufu ya tindikali iliyokufanya uhisi ulimi wako ni wa chuma. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliitazama betri aliyoletewa, na kabla hajaulizwa akashika kifua.

"Hii imekujaje mikononi mwenu? Mwenyewe yuko salama?"

"Mwenyewe ni nani, mama?"

"Fundi Sindano. Kila jioni inaingia hapa, kila asubuhi inatoka. Jana haikuingia. Nikasema moyoni, leo kuna jambo. Nilikesha na wasiwasi, mwanangu, maana mtu yule huwezi kumpangia saa lakini kuja atakuja."

"Fundi wa nini?"

"Cherehani. Anazunguka mitaani na hiyo pikipiki yake mgonjwa, anatengeneza cherehani za watu. Nimemwambia mara ngapi apeleke pikipiki gereji. Ananijibu, 'Mama, nikiiacha gereji kazi nitaifanya kwa miguu gani?'"

Koplo alikuwa amesogea mbele. "Huyu jamaa ana mke? Ana watoto? Anaweza akawa amekimbilia wapi?"

Mama Chaja alivaa miwani yake vizuri ili amwone Koplo sawasawa.

"Mke wa kazi gani, baba? Yule ni mwanamke."

Koplo alirudi nyuma hatua moja. Tangu jana kituo kizima kilikuwa kinamtafuta kijana mwembamba, na Bi Kwanza mwenyewe, pamoja na kwanza zake zote, hakuwa ameuliza hilo.

"Anakaa wapi, mama?" aliuliza kwa upole.

"Nyuma ya kiwanda cha mbao, mlango wa kijani. Na mkimkuta, mwambieni betri ya kuazima ipo. Asikae ndani kwa kukosa betri."

Mlango wa kijani ulikuwa wazi nusu. Chumba cha mbele kilikuwa kidogo na safi. Cherehani mbili juu ya meza, moja imefunuliwa matumbo, vyuma vyake vimepangwa juu ya gazeti. Kwenye kiti alikaa mwanamke mwembamba, amevaa nguo za kutokea, mkoba mapajani, viatu miguuni. Alionekana amekaa hivyo tangu asubuhi. Alipoona sare ya Koplo, alisimama.

"Amekufa?" aliuliza.

Bi Kwanza alikuwa amesimama kwenye milango mingi katika kazi yake. Wengi huuliza "nimefanya nini?" Wengine huanza na "mimi sikuwepo". Huyu hakuuliza hata pikipiki yake iko wapi.

"Hajafa, dada. Hajaamka bado, lakini madaktari wana matumaini. Wanasema angechelewa kidogo, wangempoteza."

Fundi Sindano alikaa tena, ghafla, kama mtu aliyekatwa uzi. Akafunika uso kwa mikono yenye mafuta ya mashine kwenye kucha, na mabega yakatikisika.

Toka chumba cha ndani sauti ya kizee ikapaa: "Nilimwambia! Tangu alfajiri namwambia nenda polisi! Kaoga, kavaa, kakaa! Kavaa, kakaa!"

"Ni mama mkwe," Fundi Sindano alisema, akipangusa macho. "Hawezi kuamka kitandani. Mume wangu alipofariki alituachia pikipiki na mimi nikabaki na mama. Leseni sina. Pikipiki bado ina jina la marehemu. Nikasema, nikikaa pale hospitali wakaanza maswali, wakanizuia, nani atamgeuza kitandani usiku? Ndiyo nikaondoka. Lakini sikulala, afande. Naona tu yule mama."

"Tuanzie kwenye kona. Ulikuwa unatoka wapi?"

"Kazini. Betri ilikuwa imebaki roho juu, injini imeshaanza kukohoa. Nilikuwa naomba nifike tu kwa Mama Chaja. Nikamkuta mama yuko chini. Nikajiuliza, nikisimama itazima. Ikizima ndiyo basi, hata kusukuma hakusaidii, plagi haina moto bila betri. Nikasimama hivyo hivyo, lakini injini nikaiacha inanguruma. Nikamwinua kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika mpini wa mafuta, naivutia isife. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikamfunga kwangu na kwenye chuma cha mizigo kwa mtandio wake."

"Na hospitali iko upande wa pili wa mji."

"Ndiyo. Njia nzima naiambia ile pikipiki, leo tu, dada yangu, leo tu, kesho ukitaka ufe."

"Ikafa langoni," Koplo alisema.

"Langoni kabisa. Sitaisema vibaya tena maisha yangu."

Bi Kwanza akauliza lile lililokuwa limebaki. "Kabla hujafika kona, kuna pikipiki ilikupita?"

"Ilikuja kutoka huko, mbele yangu. Taa yake nyeupe, inaumiza macho, halafu imepinda, inamulika juu ya ukuta badala ya barabara. Nyuma ina sanduku la vifurushi, kifuniko kimefungwa kwa kamba nyekundu. Mwenyewe alikuwa anageuka nyuma, anageuka tena. Mimi nikadhani anafukuzwa."

Bi Kwanza alitoka nje akampigia Mkuu simu. Taa iliyopinda, sanduku, kamba nyekundu. Mchana huohuo, wakati Koplo bado anambeba mama mkwe kumhamishia kwa jirani kama alivyoelekezwa na mama mkwe mwenyewe kwa ukali, simu ilirudi. Mpeleka vifurushi mmoja alikuwa amekutwa kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, anasubiri bati linalofunika tairi lake la mbele linyooshwe. Hakukimbia. Alipoulizwa, alikaa chini akalia, akasema afadhali mmekuja.

"Sasa twende," Bi Kwanza alimwambia Fundi Sindano.

"Kituoni?"

"Habari ya leseni tutaizungumza, na usidhani nimeisahau. Kwanza hospitali."

Wodi ilikuwa na vitanda vichache, na kwenye kile cha dirishani mkunga alikuwa macho. Alikuwa ameamka kama saa moja iliyopita, mguu kwenye plasta, uso umevimba, na tayari alishamkosoa muuguzi jinsi anavyokunja shuka. Kinyozi alikuwa kwenye kiti pembeni, mkono wa mama yake ameushika kwa mikono yake miwili. Habari za karakana zilikuwa zimemfikia. Za mlango wa kijani bado.

"Mama," Bi Kwanza alisema, "unakumbuka chochote cha jana?"

"Nakumbuka kupaa, mwanangu, kutua sikumbuki. Halafu nakumbuka mwanamke ananieleza namna ya kutunga uzi kwenye cherehani. Mwanzo mpaka mwisho. Uzi unapita wapi, unazunguka wapi. Kila nikitaka kusinzia ananiuliza, 'Umenielewa, mama? Haya rudia.' Nikasema basi nimekufa, na kumbe ahera kuna mafunzo ya ushonaji."

Muuguzi alitabasamu. "Amekuwa akisema hivyo tangu aamke. Tulidhani anaweweseka."

"Nilikuwa sijui niseme nini," Fundi Sindano alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Nilijua tu asilale. Na mimi sina maneno mengine, najua cherehani."

Mkunga aligeuza kichwa taratibu. Hakumtazama kwanza, alifumba macho, kama mtu anayeonja.

"Sema tena."

"Pole, mama. Unaendeleaje?"

"Ndiye," alisema mkunga. "Ndiye huyu."

Kinyozi alisimama. Alimtazama mwanamke yule, kucha zake, viatu vyake vya kutokea, mkoba alioubana kwapani. Alifungua mdomo, na yule mtu mwenye maneno mengi kuliko nywele hakupata hata moja.

"Wewe si ndiye msemaji wa mji?" mama yake alimuuliza. "Leo mate yamekauka?"

"Dada," Kinyozi alisema mwishowe. "Mimi asubuhi hii nilikuwa natafuta kuichoma pikipiki yako."

"Nilisikia. Majirani walikuwa wanasema."

"Na bado umekuja?"

"Nilitaka kujua kama ameamka."

Kinyozi alishika mkono wake, akainamisha paji la uso juu yake, akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya muuguzi na polisi na wagonjwa. "Asante," alikuwa anasema. "Asante, dada. Asante. Mungu akulipe, mimi siwezi." Fundi Sindano alimshika bega kwa mkono mwingine, naye machozi yanamtiririka.

Bi Kwanza alitazama nje ya dirisha mpaka mambo yalipotulia. Katika kazi yake alikuwa amezoea kuleta watu mbele ya watu wengine, na mara nyingi aliyeletwa alikuwa anatetemeka na anayesubiri alikuwa amekunja ngumi. Alishukuru kwa siku hii moja. Alimshukuru hata buibui.

Kinyozi alimkalisha Fundi Sindano kwenye kiti chake, akatoka kwenda kuwaambia watu waliomfuata kutoka kituoni na kujazana nje ya hospitali. Hawakungoja amalize; walisikika hadi wodini.

"Sasa," mkunga alisema, akijiweka sawa kwenye mto. "Nimepokea wengi mikononi mwangu, binti yangu, na kila aliyelia nilimtazama nikasema karibu. Jana wewe umenipokea mimi. Sijui hata niseme nini, kwa hiyo nitakuuliza tu. Uzi ukishatoka kwenye chuma cha juu, unakwenda wapi? Maana hapo ndipo nilipopotea."

Fundi Sindano alicheka huku anafuta pua. Akasogeza kiti.

"Unashuka, mama. Unapita kwenye kile kispringi kidogo, usikiruke, wengi wanakiruka. Halafu unapanda tena kwenye mkono unaocheza juu na chini. Halafu ndiyo unashuka kwenye sindano…"

Aliendelea polepole, kwa sauti ile ile ndogo, akichora hewani kwa kidole. Kabla uzi haujafika kwenye sindano, mkunga alikuwa amelala, anapumua vizuri, na safari hii hakuna aliyemwamsha.